Taa ya spana imewaka tena wiki moja baada ya service? Soma hapa kwanza

Msomaji mmoja ametuma ujumbe mrefu uliojaa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ana haki nayo. Ana Mazda CX-5 ya dizeli. Ametoka gereji, oili imemwagwa, filta mpya imefungwa, hela imelipwa. Wiki haijaisha, taa ya njano yenye alama ya spana imewaka. Fundi anamwambia hizi gari za siku hizi zina taa nyingi, achana nayo. Sasa anauliza: nimepigwa, au gari bovu?

Kuna uwezekano mkubwa kwamba hakupigwa. Oili ilibadilishwa kweli, ila gari halikuambiwa. Kwenye Mazda za dizeli kuna hesabu mbili tofauti, na mafundi wengi wanaijua moja tu. Ya kwanza ni ile ya kwenye skrini, ndani ya menyu ya matengenezo, ambako unaweka kilomita na miezi ya service ijayo na ukimaliza unaifuta. Ya pili iko kwenye kompyuta ya injini yenyewe, inayokisia hali ya oili. Hii haifutwi kwenye skrini. Unazima gari, unabonyeza kile kitufe cha kubadilishia kilomita kwenye dashibodi na kukishikilia, kisha unawasha swichi hadi ON bila kuwasha injini, huku kidole kikiwa bado pale kwa sekunde tano au zaidi. Taa kuu ya tahadhari itamweka, yaani itawaka na kuzima, kwa sekunde chache. Ikishamweka, kompyuta imekubali kwamba oili ni mpya. Usipofanya hivyo inaendelea kuhesabu ile ya zamani, na spana inarudi.

Kabla hujafuta chochote lakini, chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Hapa kwenye dizeli zenye DPF ndipo watu wanapoua injini wakidhani wanazitunza.

DPF ni kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi. Kikijaa, injini hujichoma yenyewe masizi hayo kwa kunyunyiza dizeli ya ziada mwishoni mwa mzunguko wa silenda, ili joto la moshi lipande hadi kama nyuzi 600. Gari likiwa linakwenda vizuri, kazi inakwisha ndani ya dakika kama 15 hadi 20. Ukizima katikati kwa sababu umefika ofisini, ile dizeli ya ziada haikuungua yote. Nyingine imeshateremka kwenye kuta za silenda, imepita ringi, imeingia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Fanya hivyo kila siku na kiwango cha oili kinapanda badala ya kushuka. Mwenye gari anapima, anaona oili imejaa, anafurahi. Kumbe ni oili iliyochanganyika na dizeli, nyepesi, haina nguvu ya kushika beringi za kranki. Turbo ndiyo hulia kwanza.

Mazda walilijua hili, ndiyo maana dipstiki ya dizeli zao ina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Pima hivi: gari lisimame sehemu tambarare, injini iwe imepata moto kisha izimwe, subiri dakika tano, futa dipstiki kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe hadi mwisho, itoe, soma pande zote mbili. Oili ikikaribia X au ikiivuka, mwaga oili siku hiyohiyo hata kama umetembea kilomita 2,000 tu tangu service. Usiipunguze kwa kunyonya kidogo juu ukaona yamekwisha. Kinachobaki kimechanganyika vilevile.

Taa ya DPF ikiwaka bila kumweka, nenda kwenye barabara ambako unaweza kwenda zaidi ya kilomita 20 kwa saa mfululizo kwa robo saa au dakika 20, mguu ukiwa kwenye mafuta. Mwendo wenyewe si mkubwa. Kinachotakiwa ni kutosimamasimama. Na oili iwe ile ya majivu kidogo, iliyoandikwa DL-1 au C3 kwenye kopo. Oili ya kawaida ya malori ina majivu mengi kuliko DPF inavyoweza kuvumilia, na majivu hayachomeki. Yanabaki mle hadi kichujio kizibe. Mafuta ya dizeli nayo habari ni ileile: nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa isiyozidi 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) mwaka 2015, kwa hiyo anayekuuzia dizeli ya dumu kando ya barabara kwa bei ya kutupa hakusaidii.

Sasa turudi kwenye spana kwa ujumla, maana hadi leo kuna watu wanaamini ile taa inaiona oili. Kwenye gari nyingi zinazoingia kwetu, haioni kitu. Ni kaunta. Inahesabu kilomita, nyingine na miezi, ikifika namba iliyowekwa inawaka. Toyota zenye maandishi ya "MAINT REQD" ziko hivyo. Ungeweka oili mpya au ungeweka uji, ingewaka kilomita ileile. BMW, na Honda zile zinazoonyesha asilimia ya uhai wa oili, zimekwenda mbele kidogo: zinakisia kwa kuangalia jinsi injini ilivyofanya kazi. Bado ni makisio, na zinadhani umeweka oili ile iliyopendekezwa na kiwanda. Hazijui kwamba fundi amekuwekea oili nzito ya 20W-50 ya pipa.

Na namba yenyewe iliwekwa wapi? Japani. Toyota ya petroli isiyo na turbo, kwa matumizi ya kawaida ya Japani, oili ni kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Matumizi magumu ni nusu yake: 7,500 au miezi sita. Yenye turbo ni 5,000, na kwa matumizi magumu 2,500. Matumizi magumu maana yake vumbi, safari fupifupi, na kusimamasimama kwa muda mrefu. Niambie ni nani Dar, Nairobi au Kampala ambaye hayumo humo.

Piga hesabu hii mwenyewe, maana ndiyo inayowafungua watu macho. Gari nyingi za karibuni zinaonyesha wastani wa mwendo kwenye dashibodi. Anayetoka Mbagala kwenda Posta kila siku ataona kitu kama kilomita 15 kwa saa. Kilomita 5,000 kwa mwendo huo ni saa 333 za injini kuunguruma. Anayekwenda Dodoma na kurudi kila wiki kwa wastani wa 60, kilomita 5,000 zake ni saa 83. Kaunta inawaona ni sawa. Oili ya yule wa Mbagala imefanya kazi mara nne, tena kwenye joto la foleni, feni ikiwa haizimi. Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: wastani wako ukiwa chini ya 20, usizidishe kilomita 5,000 wala miezi sita kwenye petroli ya kawaida, na ukiwa na turbo ishie 3,000 hivi. Wanaosema oili ya sintetiki inafika 10,000 hawasemi uongo. Wanazungumzia barabara nyingine.

Kwenye unene wa oili nitasema kidogo, tumeshalisema hili hadi mdomo umechoka. Kifuniko cha injini kikiandikwa 0W-20, weka 0W-20 au 5W-30, si oili nzito "kwa sababu huku kuna joto". VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, husukumwa na presha ya oili kupitia vitundu vyembamba. Oili nzito inachelewa kufika asubuhi injini ikiwa baridi, na huko ndiko uchakavu mwingi unakotokea. Na usimwage kopo zima la lita 4 kwa mazoea. Injini ya 1NZ-FE, ile ya IST na Fielder nyingi, inataka lita 3.7 pamoja na filta. Weka tatu na nusu, washa nusu dakika, zima, subiri, pima, ongeza polepole.

Kufuta kaunta kwenye Toyota nyingi ni rahisi, na ni vizuri ufanye mwenyewe ili ujue imefutwa lini na kwa nini. Weka dashibodi ionyeshe Trip A, zima swichi, bonyeza na kushikilia kitufe cha trip, washa hadi ON, endelea kushikilia mpaka sifuri zijipange na taa izime. Matoleo mapya yanafutwa kwenye menyu ya usukani. Ubaya ni kwamba fundi asiye mwaminifu naye anajua njia hiyohiyo, na taa iliyozimika haithibitishi kwamba oili imeguswa. Simama pale. Tazama oili ya zamani ikitoka, tazama filta ya zamani ikiwa mkononi, makopo mapya yafunguliwe mbele yako.

Taa nyingine usizichanganye na spana. Birika jekundu la oili likiwaka ukiwa barabarani, zima injini hapohapo, si kwenye sheli inayofuata. Ile inapima presha, si kiwango, na ikiwaka presha imeshaanguka. Dakika mbili zinatosha injini kunoki. Taa ya injini ya njano iliyotulia inakupa muda wa kwenda kupima kwa kompyuta. Ikimweka, silenda inakosa moto na petroli mbichi inakwenda kuchoma katalitiki: punguza mafuta, tafuta pa kusimama. Na anayekufutia kodi (namba ya hitilafu kwenye kompyuta) bila kutengeneza kilichoileta amekuuzia siku chache za amani, basi.

Ukaguzi wa nyumbani unafanyika asubuhi, injini ikiwa baridi. Kulanti ionekane kati ya LOW na FULL kwenye kopo la akiba, na iwe na rangi yake. Ile ya pinki ya Toyota inakaa hadi kilomita 160,000 mara ya kwanza, kisha kila 80,000, lakini hesabu hiyo imekufa siku mtu alipoongeza maji ya bomba. Mafuta ya breki yakishuka, usikimbilie kuongeza. Angalia pedi kwanza. Pedi zinavyolika pistoni zinatoka nje na mafuta yanazifuata, kwa hiyo kopo lililoshuka mara nyingi linakuambia pedi zimefika milimita tatu. Ukijaza, umeficha ujumbe. Hayo mafuta hunyonya unyevu wa hewa, na ukanda wa pwani una unyevu wa kutosha. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205, iliyonyonya maji huteremka hadi 140, na mteremko mrefu kama wa Kitonga hautakuuliza ilikuwa ya mwaka gani. Badilisha kila miaka miwili.

Upepo wa tairi usome kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Za Japani zimeandikwa kwa kPa, na 220 ni kama 32 za pampu ya sheli. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kama gari limetoka Japani karibuni, kabla hujalipeleka kuoshwa ndani, pekua kisanduku cha mbele cha abiria na fremu ya mlango. Kule gari jipya la binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila miwili, na wengi huacha kijitabu cha kumbukumbu chenye kilomita za kila ukaguzi. Mlangoni au chini ya boneti kuna stika ndogo ya oili yenye tarehe na kilomita. Miaka yao huhesabiwa kwa enzi za wafalme, kwa hiyo ukiiona ni midogo, ongeza 2018 kwenye ya enzi ya Reiwa, 1988 kwenye ya Heisei. Reiwa 3 ni 2021. Ukikuta stika ya Reiwa 3 inasema 98,000 na dashibodi inasoma 64,000, umeshapata jibu ambalo kompyuta ya gereji isingekupa, na vikumbusho vyote vya gari hilo havina maana tena. Anza upya: oili, filta zote, plagi, mafuta ya breki, na oili ya gia boksi.

Hiyo ya gia boksi iwe ileile ya kwake. CVT (gia boksi ya otomatiki inayotumia mkanda) ya Nissan ikitaka oili ya NS-3, ni NS-3. ATF, yaani oili ya gia boksi za otomatiki, ya kawaida kwenye CVT huufanya mkanda wa chuma uteleze, na hakuna taa ya spana inayokumbusha hilo. Taa ya gia ikiwaka, kazi imeshaharibika.

Wenye Prado na Hilux za injini ya dizeli ya 1KD, au Land Cruiser za 1HZ, nyie mna taa yenu, "T-BELT", yaani ya mkanda wa taimingi. Huwaka kwa kilomita 100,000 au 150,000 kulingana na soko gari lilikouzwa, nayo ni kaunta tu. Inafutwa kwa kitufe kilichofichwa kwenye dashibodi au kwa kuhamisha skrubu nyuma yake, kutegemea toleo, kwa hiyo kuzimika kwake hakuthibitishi kitu. Mkanda ukikatika, valvu na pistoni zinakutana. Usipokuwa na ushahidi wa maandishi kwamba umebadilishwa, badilisha pamoja na tenshona na rola yake, kisha mwambie fundi aandike kilomita na tarehe kwa maka peni upande wa ndani wa kava la mkanda kabla hajalifunga.