Mpira wenye bismuthi badala ya risasi
Kaka, umeuliza kama mpira wa miti ya Muheza, Tanga, ukichanganywa na unga wa bismuthi, metali nzito, unaweza kushika nafasi ya metali ya risasi kwenye aproni za eksirei, zile za kukinga mwili na miale. Unaweza. Bismuthi ina namba atomia (idadi ya protoni ndani ya atomi) 83, risasi 82, kwa hiyo huzuia miale karibu sawa, na sumu yake ni ndogo sana. Kazi iko kwenye kuchanganya: unga ukiganda mabonge mabonge, miale hupenya palipobaki mpira mtupu, ukiuzidisha, mpira hukakamaa na kupasuka. Juzi hapa Dar nilipapasa aproni ya risasi iliyokunjwa muda mrefu, nikausikia ufa kwa vidole, chini ya kitambaa kisicho na hata mkwaruzo. Yako, hata ya majaribio, itundike, usiikunje.