Amepandikizwa mrija, au amewekewa mrija?

SWALI: Mpwa wangu wa miezi tisa amefanyiwa upasuaji wa glakoma, ugonjwa wa shinikizo kubwa ndani ya jicho, hapa Kisumu. Nilipowaandikia jamaa kwamba "amepandikizwa mrija jichoni", shangazi aliuliza ni nani aliyejitolea kumpa jicho. Je, nilikosea?

JIBU: Shangazi alikuelewa sawasawa na ulivyoandika. Kitenzi pandikiza kinatokana na panda, na apitaye Ahero msimu wa mpunga huwaona wakulima waking'oa miche kitaluni na kuihamishia shambani: kinachopandikizwa kilikuwa hai kwingine, na huko kiendako hutarajiwa kushika. Ndiyo maana husemwa kwamba figo imepandikizwa. Kifaa cha glakoma hakikutoka kwa mtu. Ni kijimrija laini cha silikoni kilichounganishwa na kibamba kinachoshonewa juu ya weupe wa jicho, chini ya utando wake, ili maji yanayotengenezwa ndani ya jicho, ambayo si machozi, yapate pa kutokea na shinikizo lishuke.

Andika, basi, amewekewa mrija. Wala usiandike amewekwa mrija, kosa ninalolisikia kila wiki. Kilichowekwa ni mrija, na mtoto ndiye aliyewekewa. "Mtoto amewekwa" husemwa akiwa kitandani au mapajani. Wapo pia wanaokiita kila kifaa cha aina hii vali, yaani kilango cha kudhibiti maji yanayotoka, ilhali kile kiitwacho Ahmed kina vali, na viitwavyo Molteno na Baerveldt havina.

Ulifanya vyema kutumia neno glakoma. Presha ya macho hueleweka upesi, lakini nimewahi kumsikia bibi mmoja akiuliza kama mjukuu apunguziwe chumvi. Mtoto wa jicho, jina ambalo jamaa wengine huenda wakalitaja, ni ugonjwa mwingine, ambamo lenzi iliyo nyuma ya mboni huingia ukungu. Katika glakoma ya watoto wachanga, ukungu huwa kwenye konea, kile kioo cha mbele, kwa kuwa shinikizo huifanya ivimbe. Na jicho lenyewe hutanuka, hata wageni wakamsifu mtoto kwa macho makubwa.

Mwandikie shangazi hivi: "Mtoto ana glakoma, amefanyiwa upasuaji na kuwekewa mrija wa kupunguza maji jichoni. Jicho ni lake mwenyewe."