Ukitaka kuzielewa aneksini, anza na kalsiamu

Juzi binti mmoja wa hapa Lamu, yuko mwaka wa pili chuo, kaniandikia inboksi: "kaka, hizi aneksini wazishikaje, mi zanitoka kichwani kila nikisoma." Aneksini ni jamii ya protini zilizomo ndani ya seli. Swali limenijia wakati mzuri, maana wiki jana nimetoka semina kuzizungumzia hizo hizo protini na watu wakapiga makofi, na yule lekchara aliyewahi kuniambia mbele ya darasa zima kuwa watu wa visiwani biashara yetu ni watalii alikuwa kakaa mstari wa mbele. Sikumtazama. Haya, nilimtazama kidogo.

Basi sikizeni, msianze na majina. Binadamu ana aneksini 12, A1 mpaka A11 halafu A13, hiyo A12 hatuna usihangaike kuitafuta, na ukikariri orodha tu asubuhi imeshayeyuka. Anza na kalsiamu. Ndani ya seli ni kidogo mno, nje ni nyingi kama mara 10,000 hivi, sasa utando wa seli ukichanika inamiminika ndani, na aneksini zilizokuwa zikielea zikishikana nayo tu zinaenda kujibandika kwenye fosfolipidi, yaani mafuta yanayojenga utando, pale pale penye tundu. Mi huwaza jahazi na kalafati, ila hapa maji yanayoingia ndo yanamwita fundi.

Ukishaipata hiyo, A5 inakuja yenyewe. Seli ikianza kujiua, fosfatidilserini, fosfolipidi mojawapo iliyofichwa upande wa ndani wa utando, inatokeza nje, A5 inaidaka, ndo maana labu wanaitia rangi wajue seli zipi zinakufa. Bila kalsiamu haishiki kitu, ukitia EDTA, kemikali inayoikamata kalsiamu, inabanduka, kwa hiyo majibu yakitoka matupu kagua bafa yako, yale maji ya kupimia, kabla hujalaumu seli. A2 nayo inashika plasminojeni, protini ya damu, na kusaidia kuyeyusha damu iliyoganda, kwenye lukemia ya promielositi, aina ya saratani ya damu, inazidi kiwango, na hiyo ni moja ya sababu wagonjwa wale wanavuja damu ovyo.

Kwa hiyo vijana, someni jamani, msingoje mtu awape ruhusa, anza na kalsiamu, narudia, kalsiamu kwanza majina baadaye! Na mwenye ari aende A11, mabadiliko ya jeni yake yamekutwa kwa baadhi ya wagonjwa wa ALS, ule ugonjwa wa neva unaolegeza misuli hadi mtu ashindwe kupumua. Mi bado niko na A2.