Mafuta yaliyokopewa kabla hayajachimbwa

Tangu niandike kuhusu reli ya Lobito, ile inayotoka bandari ya Angola kuelekea kwenye shaba ya Kongo, nimepokea maswali mengi juu ya Angola, na karibu yote yanazunguka jambo moja: nchi yenye mafuta kiasi kile imekwama wapi? Nimechagua machache. Ambaye hatajiona hapa asome vizuri, huenda amejibiwa ndani ya swali la mwenzake.

Swali: Nikiangalia picha za Luanda naona maghorofa kando ya bahari. Mwenzangu aliyefika huko anasema watu wananunua maji kwa ndoo. Angola ni tajiri au maskini? (Msomaji, Morogoro)

Picha ni za kweli na ndoo ni za kweli. Piga hesabu mwenyewe. Angola inatoa takriban mapipa milioni 1 kwa siku, na sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu zaidi ya milioni 36. Pipa likiuzwa dola 70, fungu la kila Mwangola haliifikii dola 2 kwa siku, na hapo kampuni zilizochimba bado hazijachukua chao wala wadai hawajalipwa. Fedha hiyo ingetosha kuwa mtaji wa taifa. Kugawana kila siku haitoshi, na kwa miaka mingi wamegawana, tena wachache.

Mwaka 2008 uzalishaji ulikaribia mapipa milioni 2. Visima vya bahari ya kina kirefu hushuka haraka visipoongezwa vingine, kwa hiyo karibu nusu ya wingi ule umeshapotea. Mimi nchi ya mafuta naipima kwa kile kitakachobaki kikifanya kazi siku kisima kikikauka: umeme, maji, reli, viwanda, shamba linalolisha mji. Kabla ya vita Angola ilikuwa miongoni mwa nchi nne zinazoongoza duniani kwa kuuza kahawa. Leo mafuta na gesi ni zaidi ya asilimia 90 ya mauzo yake ya nje. Vita vya 1975 hadi 2002 viliharibu mengi, sibishi. Lakini tangu bunduki zinyamaze imeshapita zaidi ya miaka ishirini.

Swali: Inakuwaje nchi inayouza mafuta ghafi iagize petroli? (Msomaji, Mbeya)

Kwa sababu mafuta ghafi hayaendeshi gari mpaka yasafishwe. Kwa miongo mingi Angola ilikuwa na kiwanda kimoja cha maana cha kusafisha, kile cha Luanda kilichojengwa enzi za Wareno, miaka ya 1950, na uwezo wake hauzidi sana mapipa 65,000 kwa siku. Kwa hiyo meli inatoka na ghafi, nyingine inarudi na petroli na dizeli, na tofauti ya bei inalipwa kwa dola. Kiwanda kikubwa cha Lobito, cha mapipa 200,000, kimezungumzwa tangu watoto wa sasa wa chuo kikuu hawajazaliwa. Kazi ilianza, ikasimama mwaka 2016. Kile kidogo cha Cabinda, mapipa 30,000 kwa awamu ya kwanza, kilizinduliwa Septemba 2025, miezi miwili kabla ya nchi kutimiza miaka 50 ya uhuru. Ndicho cha kwanza kujengwa tangu bendera ya Mreno iteremshwe.

Swali: Ni kweli huko petroli ni kama bure? Kwa nini sisi tunaumizwa? (Wasomaji wengi)

Hili naliletewa kila mwezi na kila mwezi linaandikwa kana kwamba hakuna aliyewahi kuliuliza. Si bure. Ilikuwa nafuu kwa sababu serikali ililipia sehemu ya bei, na fedha hiyo ilitoka mahali ambapo zahanati na shule zilikuwa zinasubiri.

Juni 2023 bei ya lita ya petroli ilipandishwa kutoka kwanza (ndiyo sarafu ya Angola) 160 hadi 300 kwa mkupuo mmoja, sarafu nayo ikiwa imeporomoka kutoka kama 500 hadi zaidi ya 800 kwa dola. Watu waliandamana, na Huambo watu watano walipoteza maisha. Julai 2025 dizeli ilitoka kwanza 300 hadi 400. Wenye "candongueiro", zile daladala zao za rangi ya bluu na nyeupe, wakagoma. Mgomo ukageuka vurugu na uporaji wa siku kadhaa, na waliokufa hawakupungua 22.

Wachumi wanasema ruzuku ya mafuta humnufaisha zaidi mwenye magari matatu, na hesabu yao ni sahihi. Ila mama anayeuza samaki Luanda hajawahi kuingia kwenye bwawa la umeme wala kupanda ndege ya uwanja mpya. Nauli nafuu ya daladala ndiyo fungu pekee la mafuta ya nchi yake alilowahi kulishika mkononi. Ukimnyang'anya hilo kabla hujamwekea basi, maji na umeme, usishangae akiingia barabarani. Serikali zetu huku ziisome habari hiyo kwa makini.

Swali: Waangola wanazungumza Kifaransa, siyo?

Kireno. Pia Kiumbundu, Kimbundu, Kikongo na Kichokwe. Tafadhali tuanzie kwenye ramani kabla ya kuanza kubishana juu ya sera.

Swali: Wachina waliijengea Angola barabara na reli wakachukua mafuta. Kwa nini tusifanye hivyo na gesi yetu? Kazi zao lakini nasikia ni mbovu. (Msomaji, Mtwara)

Hapa nitakaa kidogo, maana msemo huu wa "walijenga wakachukua mafuta" ndio unaowapoteza wengi. Hakuna aliyebadilishana barabara kwa pipa. Ulikuwa mkopo, wenye riba, na mafuta yalikuwa rehani.

Vita vilipoisha mwaka 2002, Angola ilikosa mkopeshaji wa haraka, kwa kuwa Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka kwanza kuona hesabu za mafuta. Mwaka 2004 Benki ya Exim ya China ikatoa dola bilioni 2, na mikopo mingine ikafuata, mpaka jumla ikapita dola bilioni 40. Utaratibu ulikuwa hivi: kampuni ya mafuta ya taifa, Sonangol, inauza shehena kwa mnunuzi wa China, fedha inaingia kwenye akaunti iliyo chini ya jicho la mkopeshaji, mkopeshaji anachukua kwanza rejesho lake, kinachobaki ndicho kinakwenda Hazina. Kazi nyingi za ujenzi nazo zilikwenda kwa kampuni za China, kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha haikukanyaga Luanda.

Sasa tazama kilichotokea. Katikati ya mwaka 2014 pipa lilizidi dola 100. Mwanzoni mwa 2016 lilishuka chini ya dola 30. Deni halikushuka. Rejesho lililolipwa kwa pipa moja likahitaji zaidi ya matatu, na visima vyenyewe vilikuwa vinapungua. Mapipa yale yalikuwa yameshakopewa kabla hayajaguswa. Hadi Machi 2024 Angola ilikuwa bado inajadiliana na Benki ya Maendeleo ya China iruhusiwe kuchukua sehemu ya fedha yake yenyewe iliyofungiwa kwenye akaunti ya dhamana.

Kuhusu ubovu: swali hilo limeulizwa vibaya. Hospitali Kuu ya Luanda, iliyojengwa na Wachina, ilifunguliwa mwaka 2006, na mwaka 2010 wagonjwa wakahamishwa kwa sababu kuta zilipasuka. Ni aibu kubwa. Lakini bwawa la Laúca kwenye Mto Kwanza, megawati 2,070, lilijengwa na Wabrazili na linafanya kazi, na bado takriban nusu ya Waangola hawana umeme, na sababu moja ni kwamba gridi ya kaskazini haikuunganishwa na mashariki. Kaskazini umeme unabaki, mashariki wanachoma dizeli. Mchina hahusiki na hilo, wala Mbrazili. Uliza nani alikagua nguzo kabla ya hundi kusainiwa, na nani alisahau nyaya.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Mtwara, bomba la gesi kutoka kwenu hadi Dar es Salaam nalo lilijengwa kwa mkopo wa Exim ya China. Ukisikia mtu anasema mradi fulani "utajilipa wenyewe", muulize utajilipa kwa bei gani ya gesi, na bei hiyo ikianguka nani anaongeza.

Swali: Isabel dos Santos aliiba kiasi gani? (Msomaji, Nairobi)

Huyu ni binti wa rais wa zamani, José Eduardo dos Santos, na aliwahi kuiongoza Sonangol. Mahakama ndiyo itasema. Mali zake Angola zilizuiwa Desemba 2019 na yeye anakanusha. Najua mnapenda majina. Kuna habari moja isiyo na sura ya mtu inayonisumbua zaidi: mwaka 2011 Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuta pengo la dola bilioni 32 katika hesabu za serikali za 2007 hadi 2010. Baadaye ikaelezwa kwamba sehemu kubwa ilikuwa matumizi ya Sonangol kwa niaba ya serikali, nje ya bajeti. Yaani kampuni ya mafuta ilikuwa inajenga, inalipa na kukopa kama wizara, na bunge halikuona. Nchi ikifika hapo, kumtafuta mwizi mmoja ni kazi ndogo.

Swali: Hapa Lubumbashi watu wanasema shaba yote itapita Lobito na Dar es Salaam itakufa. Ni kweli? (Msomaji, Lubumbashi)

Haitakufa. Reli ya Benguela, ndiyo hiyo ya Lobito, ni kilomita 1,344 kutoka Lobito hadi Luau, mpakani na Dilolo ya Kongo. Vita viliifunga mwaka 1975, mwaka uleule ujenzi wa TAZARA ulipokuwa unakamilika, na ndiyo maana shaba ya Kolwezi ikazoea mashariki na kusini. Wachina waliijenga upya kwa karibu dola bilioni 2. Kisha mwaka 2022 uendeshaji ukapewa kwa miaka 30 kwa kampuni tatu za kigeni, Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, Marekani nayo ikaahidi mkopo wa dola milioni 553. Reli zilitandikwa kwa deni la Mwangola, na wanaoziendesha ni wengine.

Upande wenu tatizo ni kipande cha Dilolo hadi Kolwezi, kilomita kama 400 zilizochakaa. Kisipotengenezwa, malori yataendelea kulala foleni Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Dar es Salaam nayo ina TAZARA ya geji ileile, inayosubiri vichwa vya treni na matengenezo kuliko hotuba.

Mimi ningekuomba uangalie vituo vya katikati: Huambo, Kuito, Luena. Hiyo ni nchi ya mahindi. Treni ikishusha mbolea hapo na kupakia nafaka, Angola itakuwa imepata kitu kisichotegemea pipa. Ikipita moja kwa moja na madini tu, wanakijiji watabaki na kelele yake.

Swali: Kwa nini Angola ilijitoa OPEC?

OPEC ni umoja wa nchi zinazouza mafuta, na humpangia kila mwanachama kiwango cha kuzalisha. Angola ilipangiwa mapipa milioni 1.11 kwa siku, ikataka 1.18. Desemba 2023 ikatangaza kuondoka. Tangu hapo haijazalisha kwa wingi wa kuifanya OPEC ijute.

Swali: Mimi ni wa Tanga. Bomba la Uganda likianza, tutakuwa kama Angola? (Msomaji, Tanga)

Mafuta si yetu. Bomba ni kilomita 1,443, na 1,147 ziko Tanzania. TPDC, shirika letu la mafuta la taifa, ina asilimia 15 ya hisa, sawa na kampuni ya taifa ya Uganda, huku TotalEnergies ikiwa na 62. Ile ada ya kusafirisha, dola 12.77 kwa pipa, ambayo wengi wenu mnaitaja, inakwenda kwa kampuni ya bomba, ambayo nayo ina mikopo ya kulipa, na gawio huja baadaye. Msiipangie matumizi kabla haijafika.

Wanaopaswa kuogopa zaidi ni jirani zetu wa Hoima, Uganda, wenye mafuta yenyewe. Ningekuwa huko ningemwendea mbunge wangu na kumuuliza kama kuna mkopo wowote wa barabara au uwanja wa ndege uliowekewa rehani mafuta yaliyo bado chini ya Ziwa Albert na kando yake. Akisema haupo, ningemwomba alitamke bungeni, liandikwe.