Kabla ya Kugawana Akaunti ya Kustaafu Mliyorithi Marekani, Tengeni Kwanza Fungu la Kodi

Kiasi kinachoonekana kwenye taarifa ya akaunti ya kustaafu ya marehemu si kiasi ulichorithi. Ndani yake mna kodi ya serikali ya Marekani ambayo bado haijadaiwa, na utakayedaiwa ni wewe mrithi, kila utakapotoa fedha. Jambo hili nililazimika kulieleza tena na tena kwa jamaa zangu wa Tanga, baada ya shangazi yangu, aliyefanya kazi ya uuguzi Minnesota kwa miaka mingi, kufariki mwaka 2022 akiwa na miaka 66 na kuniacha mrithi pekee aliyeandikwa kwenye akaunti yake ya IRA ya kawaida, yaani akaunti binafsi ya akiba ya kustaafu. Baba mkubwa, aliposikia kwamba kitakachogawanywa ni pungufu, aliitazama taarifa niliyowatumia kwa WhatsApp, akauliza: “Mwanangu, hapa pameandikwa dola 160,000. Sasa hizo nyingine anakula nani?”

Kodi hii inatokana na jinsi akaunti yenyewe ilivyopangwa. Mfanyakazi anapoweka fedha kwenye IRA ya kawaida au 401(k), ile inayofunguliwa kupitia mwajiri, kwa kawaida fedha hizo hazitozwi kodi ya mapato mwaka huo, na faida yake huendelea kukua bila kuguswa hadi siku zitakapotolewa. Kifo hakiifuti kodi hiyo. Wengi huchanganya hapa kwa sababu nyumba na hisa za kawaida zina utaratibu mwingine: mrithi huhesabiwa kwa thamani ya siku ya kifo, hivyo akiuza mapema huwa hana faida kubwa ya kutozwa. Akaunti ya kustaafu haina nafuu hiyo, na kila dola inayotoka huongezwa juu ya mapato yako ya mwaka huo. Nafuu iliyopo ni kwamba adhabu ya asilimia 10 wanayotozwa wanaotoa fedha zao kabla ya umri wa miaka 59 na nusu haimhusu mrithi, hata kama ni kijana wa miaka 25. Ukipokea Fomu 1099-R, inayoonyesha fedha ulizotoa kwenye akaunti mwaka huo, angalia kama sanduku la 7 lina tarakimu 4, yaani malipo yatokanayo na kifo; likiwa na 1, itasomeka kana kwamba umetoa akiba yako mwenyewe kabla ya wakati, na inafaa umtake mtunza akaunti, yaani benki au kampuni inayoishikilia, asahihishe.

Kwa waliofariki kuanzia Januari 1, 2020, sheria iitwayo SECURE inamtaka mrithi wa kawaida amalize akaunti ifikapo Desemba 31 ya mwaka wa kumi baada ya mwaka wa kifo, ambayo kwangu ni Desemba 31, 2032. Wanaopewa utaratibu mwepesi zaidi ni mjane au mgane, mtoto wa marehemu aliye chini ya miaka 21, mwenye ulemavu, mwenye maradhi sugu, na mrithi ambaye marehemu hakumzidi umri kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa kuwa shangazi alikuwa hajafikia umri wa kulazimishwa kutoa fedha kila mwaka, umri ambao kwa sasa ni miaka 73, mimi niko huru kuchagua mwaka wa kutoa na mwaka wa kupumzika. Kama angekuwa ameshaingia katika lazima hiyo, ningetakiwa kutoa kiwango cha chini kila mwaka, kisha nimalize chote mwaka wa kumi. Mamlaka ya kodi, IRS, ilisamehe adhabu ya kukosa kutoa viwango hivyo kwa miaka ya 2021 hadi 2024, lakini msamaha huo umekwisha. Sasa adhabu ni asilimia 25 ya kiasi ambacho hakikutolewa, nayo hushuka hadi asilimia 10 kwa anayerekebisha kasoro ndani ya muda uliowekwa.

Hesabu yenyewe nitaionyesha kwa viwango vya kodi ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, vya mwaka 2024. Chukua mtu asiye na mwenzi, mwenye mshahara wa dola 52,000. Baada ya punguzo la kawaida la dola 14,600 hubaki dola 37,400 za kutozwa, na kodi yake ni dola 4,256. Akitoa dola zote 160,000 mwaka huo huo, atapanda kutoka ngazi ya asilimia 12, apite ya 22 na ya 24, aguse ya 32, na kodi itaongezeka kwa takriban dola 36,600. Akitoa dola 16,000 kila mwaka kwa miaka kumi, kwa mshahara na viwango vile vile, nyongeza ni dola 2,545 kwa mwaka, yaani dola 25,450 kwa jumla. Nimeacha kando faida itakayoendelea kuzaliwa ndani ya akaunti, na kodi ya jimbo, ambayo Minnesota ipo na Texas haipo.

Kinachowatia watu matatani zaidi ni kodi ya zuio, yaani ile inayokatwa kabla fedha hazijakufikia. Usipojaza Fomu W-4R, ambayo ndiyo ya kuchagua kiwango cha kukatwa, mtunza wa akaunti ya IRA hukata asilimia 10 tu. Katika mfano wetu angekata dola 16,000, na mrithi aliyekwisha kutuma zilizobaki nyumbani angefika Aprili, mwezi wa kukamilisha kodi ya mwaka uliopita, akiwa anadaiwa dola 20,000 na zaidi. Fomu hiyo inakuruhusu kuandika asilimia kubwa zaidi, na kwa maoni yangu ni heri ukatwe nyingi kisha urudishiwe. Kumbuka pia kwamba mapato yakipanda, ruzuku ya bima ya afya inayonunuliwa kupitia soko la serikali hupungua au hutoweka, na msaada wa ada ya chuo kwa mtoto wako unaweza kuathirika.

Kuhusu uhamisho, fedha zisipitie mkononi mwako. Akaunti ihamishwe moja kwa moja kutoka kwa mtunza mmoja hadi mwingine, ikiwa na jina la marehemu na lako kama mrithi. Mjane anaweza kuziingiza katika IRA yake, lakini mpwa, mtoto au ndugu akilipwa kwa hundi hawezi kuzirudisha, na zote ni mapato ya mwaka huo. Roth IRA, akaunti ambayo fedha zake huwekwa zikiwa zimekwisha kutozwa kodi, ni nyepesi zaidi: miaka kumi ipo pale pale, lakini ikiwa akaunti ilikwisha kutimiza miaka mitano, kutoa hakutozwi kodi ya mapato ya shirikisho.

Nirudi kwa baba mkubwa. Wazee walitaka fedha zigawanywe kwa mafungu ya mirathi ya Kiislamu, nami sikupinga, ila sheria ya Marekani inamtambua aliyeandikwa kwenye fomu ya akaunti, na kodi ni yake hata akigawa kila senti. Ninachowatumia ni zawadi. Kwa mwaka 2024, aliyempa mtu mmoja zaidi ya dola 18,000 alipaswa kujaza Fomu 709, ya kutangaza zawadi, ingawa mara nyingi hakuna kodi inayolipwa. Nilikuwa na haki ya kuukataa urithi kwa maandishi ndani ya miezi tisa, lakini anayekataa hawezi kuchagua nani apewe badala yake. Isitoshe, kama shangazi angewaandika ndugu wa Tanga wenyewe, wangekatwa kwa kawaida asilimia 30, kwa sababu Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Tanzania, na wangehitaji namba ya mlipakodi ya Marekani. Kwangu, nikitoa kidogo kidogo, dola ya mwisho hutozwa asilimia 22. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba kila Januari, nikishatoa na kutenga kodi ya shirikisho na ya jimbo, nawaonyesha fomu zenyewe, kisha mafungu yanahesabiwa kutokana na kilichobaki.