Jaji wa kaunti asiyesikiliza kesi

Wewe unayeanza ukalimani kwenye ofisi za kaunti huko Texas, ngoja nikupunguzie aibu iliyonipata mimi. Wiki yangu ya kwanza nilipewa mzee wa Bukavu mwenye faini ya barabarani. Nikaona kibao mlangoni, "Jaji wa Kaunti", nikampandisha ghorofani kifua mbele. Karani akaisoma karatasi, akatuelekeza mtaa wa pili, kwa hakimu wa kesi ndogo: hapa hatusikilizi faini. Mzee akanigeukia. "Mtoto yangu, si ni weye unajuaka Kingereza?"

Tangu siku hiyo nikaanza kukichunguza hicho cheo. Katiba ya Texas ya 1876 inamtaka jaji wa kaunti awe anaijua vyema sheria ya jimbo, lakini haimlazimishi kuwa mwanasheria. Anagombea kwa tiketi ya chama na kukaa miaka 4. Kwenye kaunti ndogo bado husikiliza kesi na mirathi. Kaunti kubwa kama Bexar, ulipo mji wa San Antonio, ina watu zaidi ya milioni 2, na huko kazi yake hasa ni kuongoza kikao cha watu 5, yeye na makamishna 4: bajeti, barabara, jela. Kikao chenyewe nacho wanakiita mahakama! Mimi nakiita halmashauri, na yeye mwenyekiti wake.

Ndiyo maana wabunge wa jimbo hukitamani kiti hicho. Bexar walifuatana wawili: Cyndi Taylor Krier wa Republican, aliyetoka Seneti ya Texas, kisha Nelson Wolff wa Democrat, aliyekaa bungeni Austin, mji mkuu wa jimbo, kati ya 1971 na 1975, akawa meya, halafu akaiongoza kaunti kuanzia 2001 hadi 2022.

Na uzoefu wa bungeni huwafaa wakishakikalia: chukua mfano wa barakoa wakati wa korona. Kaunti za Texas hazijitungii sheria zitakavyo. Hufanya yale tu ambayo jimbo limeruhusu. Juni 2020 amri ya gavana ilizuia kumtoza faini mtu asiyevaa barakoa. Wolff hakumgusa mtu. Aliagiza biashara ziwatake wafanyakazi na wateja wavae, na biashara itakayokaidi ilipe hadi dola 1,000. Gavana akakubali kwamba mwanya huo ulikuwemo kwenye amri yake tangu mwanzo. Kwa macho yangu, hapo alikuwa anasoma mbunge wa zamani, mtu anayejua kifungu kimekataza nini na kimenyamazia nini.

Basi ukipigiwa simu ya kazi, uliza kwanza: ni kesi au ni kikao? Kama ni kikao, omba ajenda mapema. Hubandikwa siku kadhaa kabla, na humo utakutana na zabuni, mifereji ya mafuriko na kodi ya majengo. Kamusi yangu ya mahakamani ilikuwa na maneno kumi ya dhamana, na hata moja la mfereji haikuwa nalo.