Alto kwa mtoto: violoni yaweza kutumika?

Swali: Nafundisha violoni hapa Lubumbashi. Mwanafunzi wa miaka 12 anataka alto (ndugu ya violoni, kubwa kidogo na ya sauti nzito zaidi), nasi hatuna ndogo. Nifanye nini?
Mwalimu, Kamalondo

Jibu: Mwalimu, violoni nzima, yaani ya saizi ya mtu mzima, inatosha kuanzia. Ifungie nyuzi za alto ndogo yenye kisanduku cha sentimita 35: do, sol, re, la, do ikae palipokuwa sol. Nyuzi za alto kubwa zitalegea. Badilisha mmoja mmoja. Ukilegeza zote pamoja, daraja (kibao kinachobeba nyuzi) na kijiti cha ndani ya kisanduku huanguka. Do itafifia kidogo kwa udogo wa kisanduku, na hilo halina dawa. Kiangazi vigingi vya kukazia nyuzi hukauka na kuteleza: sukuma ndani huku ukizungusha. Mafuta, hapana kabisa! Ugumu hasa ni ufunguo wa do, alama ya noti za alto inayoweka do kwenye mstari wa tatu: asome dakika 10 kila siku, bila kuandikiwa majina ya noti.